Televizio ya OLED kwa michezo ya watoto na kwa jamaa: tuiangalie vizuri mbele ya kutoa pesa



Juma hili ukurasa wetu unajibu swali la mama mmoja wa kikundi cha likelemba. Zamu yake ya kupokea inakaribia. Kijana wake mkubwa ametumiwa PlayStation 5 na mjomba wake aliye Ulaya, na sasa kila siku anamwambia mama kwamba mashine ile haifai kuchezewa kwenye televizio ya zamani, lazima OLED. Baba naye anamuunga mkono, juu ya mpira. Mama anauliza: OLED ni kitu gani hasa, na je, atoe zamu yake yote kwa kioo kimoja?

Ni swali zuri, na si la mama huyu peke yake. Hapa Lubumbashi maduka ya katikati ya mji yamejaa televizio za kila jina, na wauzaji wanajua kuongea. Mama anayeingia dukani bila kujua anachotafuta atatoka na kile ambacho muuzaji alitaka kukiondoa. Basi tufundishane polepole, kama darasani.

OLED ni nini

Televizio bapa nyingi tulizo nazo majumbani ni za LCD, ambazo wauzaji wanaziita LED. Ndani yake kuna taa zinazowaka nyuma ya kioo, na mbele ya taa kuna kitu kama pazia lenye nukta ndogo ndogo. Kila nukta inafungua au inafunga ili mwanga upite. Shida ni kwamba pazia halifungi kabisa. Ndiyo maana usiku, filamu ikionyesha giza, unaona kioo kina rangi ya majivu, si nyeusi.

Katika OLED hakuna taa nyuma. Kila nukta inawaka yenyewe, kama mshumaa mdogo, na ikitakiwa kuwa nyeusi inazimika kabisa. Televizio ya 4K ina nukta 3840 kwa upana na 2160 kwa urefu, ndiyo kusema zaidi ya milioni 8, na kila moja ina mwanga wake. Kazi hiyo inafanywa na tabaka nyembamba za madawa yenye kaboni, ambayo yanatoa mwanga yakipitiwa na umeme. Wataalamu wawili wa kampuni ya Kodak kule Marekani, Ching Tang na Steven Van Slyke, walionyesha njia hiyo mwaka 1987. Televizio ya kwanza ya OLED iliyouzwa madukani ilikuwa ya Sony, mwaka 2007, na kioo chake kilikuwa cha inchi 11 tu. Tangu mwaka 2013 LG iliuza za inchi 55, na sasa Samsung, Sony na wengine wanazo.

Faida zake ni za kweli, tusizikatae. Nyeusi ni nyeusi kabisa. Rangi ni safi. Anayekaa pembeni anaona sawasawa na anayekaa katikati, na hilo ni jambo kubwa katika nyumba zetu, ambamo siku ya mechi watu kumi na watano wanajibana mpaka mlangoni. Tena nukta zinabadilika haraka sana, kwa hiyo mpira ukikimbia kwenye kioo hauachi kivuli nyuma yake.

Herufi moja inayokula pesa

Angalia jina vizuri. Kuna OLED na kuna QLED. Kwa haraka macho hayatofautishi O na Q, na tofauti ni kamkia kadogo tu chini ya herufi. Lakini ni vitu viwili. QLED ni LCD yenye taa nyuma kama zile za kawaida, iliyoongezewa tabaka la kufanya rangi ziwe kali zaidi. Si kitu kibaya, nyingine ni nzuri sana. Ubaya ni kulipa bei ya OLED na kubeba QLED. Kuna pia maneno kama "Neo QLED", "QNED", "Mini LED" na "ULED". Hayo yote ni LCD.

Dukani usisome kikaratasi cha muuzaji. Soma carton na soma kibandiko kilichopo nyuma ya televizio yenyewe, kisha andika namba ya modeli kwenye simu yako na uitafute kwenye tovuti ya kampuni. Kwa LG, modeli za OLED zinaanza na neno OLED lenyewe, kama OLED55 na herufi nyingine zinazofuata. Kwa wengine namba haisemi wazi, ndiyo maana lazima kutafuta. Muuzaji akikukataza kufungua carton, wewe umepata jibu lako: toka, nenda duka lingine.

Kijana anasema kweli?

Sasa tumsikilize kijana, maana mtoto naye anastahili kujibiwa kwa sababu, si kwa ukali tu.

Anasema PlayStation 5 inahitaji OLED. Hapana. Inahitaji televizio yenye tundu la HDMI, basi. PlayStation 5 inaweza kutoa picha ya 4K na mpaka picha 120 kwa sekunde. Ili kuzipata zote kwa pamoja, televizio iwe na tundu la HDMI 2.1 na kioo cha hertzi 120. OLED nyingi wanazo, lakini LCD nyingine pia wanazo. Tena si matundu yote ya televizio moja yanafanana: zile za bei nafuu mara nyingi zina matundu mawili tu ya namna hiyo. Kamba inayofaa inatoka ndani ya carton ya PlayStation 5 yenyewe, hakuna haja ya kununua nyingine kwa bei ya juu.

Halafu muulize: unacheza nini? Kama ni mpira, na kwa vijana wetu wengi ni mpira, michezo mingi ya mpira kwenye PlayStation 5 inakwenda kwa picha 60 kwa sekunde. Televizio ya hertzi 60 inazionyesha zote. Mia na ishirini inasaidia michezo mingine, hasa ya kupigana na ya mbio za magari, na hata hapo si yote.

Kile ambacho mchezaji anakisikia mkononi ni muda unaopita tangu abonyeze manete mpaka mchezaji wake apige mpira kwenye kioo. Katika televizio nyingi muda huo ni mrefu kwa sababu televizio inajaribu kupamba picha mbele ya kuionyesha. Dawa yake ni bure: ingia kwenye mipangilio, chagua "Mode jeu". Vijana wengi wanalalamikia televizio ya mama yao na hawajafungua mipangilio hata siku moja. Kabla ya kuongea habari ya OLED, kijana aweke Mode jeu kwenye televizio iliyopo nyumbani, acheze juma moja, kisha arudi kuongea.

Na kwa nyumba zenye PlayStation 3 au PlayStation 4: mashine hizo hazitoi picha 120. PlayStation 4 ya kawaida haitoi hata 4K. PlayStation 2 inatumia kamba tatu za rangi, nyekundu, nyeupe na manjano, na televizio nyingi mpya hazina tena matundu hayo. Mama anaweza kununua kioo cha bei kali na kukuta mashine ya watoto haina pa kuchomeka.

Tunachotazama kina ubora gani?

Kioo kizuri hakibadilishi maji machafu kuwa safi. Kama jamaa inatazama chaneli za dekodere, karibu zote hazitumwi kwa 4K. Nyingine hata HD si HD kamili. Chaneli yenye picha hafifu ukiiweka kwenye kioo kikubwa cha 4K, makosa yake yanaonekana zaidi. Nyeusi itakuwa nzuri, ndiyo, lakini sura ya msomaji wa habari itabaki na ukungu ule ule.

4K ya kweli inatoka kwenye mashine ya michezo au kwenye intaneti. Netflix wenyewe wanasema picha ya 4K inaweza kula mpaka giga 7 kwa saa moja, na HD inakula mpaka giga 3. Filamu ya saa mbili ni giga 14. Mama, chukua bei unayolipa kwa giga moja, zidisha mara 14, utaona tikiti ya sinema moja ya nyumbani ni kiasi gani. Nyumba isiyo na intaneti ya mwezi itatazama OLED yake kwa picha za kawaida siku zote.

Kovu la kioo

Hapa ndipo pa kukaa na kusikiliza sana, kwa sababu wauzaji wengi hawalitaji.

Mishumaa ile midogo ya OLED inachoka kwa kadiri inavyowaka. Ikichoka sawasawa, hakuna anayeona. Lakini kama kitu kimoja kinakaa mahali pamoja kwenye kioo saa nyingi kila siku, nukta za pale zinachoka kuliko jirani zake. Baada ya miezi au miaka, alama inabaki kama kovu: jina la chaneli pembeni juu, mstari wa habari unaopita chini, au kibao cha magoli cha mchezo wa mpira. Ukibadilisha chaneli, kovu lipo. Kovu la OLED halifutiki, na mara nyingi garanti ya kampuni hailihesabu.

Sasa fikirini nyumba zetu. Televizio inawashwa asubuhi, inabaki kwenye chaneli moja ya habari au ya muziki mpaka usiku, hata kama hakuna anayeitazama. Kijana akirudi masomoni anacheza mpira saa nne na kibao cha magoli hakihami. Hayo ndiyo mazingira yanayotengeneza kovu. Jamaa inayotazama mambo mbalimbali, filamu leo, mechi kesho, katuni Jumamosi, inaweza kukaa miaka mingi bila kuliona.

Kwa hiyo neno moja kwa wamama wenye chumba cha michezo, wale ambao vijana wa kartye wanakuja kulipa mechi moja moja: msinunue OLED kwa kazi hiyo. Mchezo ule ule, kibao kile kile, kutoka asubuhi mpaka usiku, siku sita kwa juma. Kioo kitashika kovu, na mteja hatakulipa zaidi juu ya nyeusi nzuri. LCD ya inchi 43 yenye Mode jeu itawapa faida haraka, na ikiharibika, fundi wa hapa ameshazoea kuitengeneza.

Umeme wetu na kioo hiki

Kampuni zinajua shida ya kovu, kwa hiyo wameweka dawa ndani. Kwa televizio za LG, kwa mfano, baada ya jumla ya saa 4 za kazi, ukizima kwa telekomandi na kuacha kamba kwenye umeme, televizio inajipima na kusawazisha nukta zake kwa dakika chache, kioo kikiwa kimezimwa. Baada ya saa zipatazo 2,000 inafanya kazi ndefu zaidi, karibu saa nzima.

Mmeona shida? Sisi tumezoea kuzima kwa kuchomoa. Na SNEL mara nyingi inatuchomolea yenyewe. Televizio ambayo kila siku inakatwa ghafla, au inachomolewa papo hapo baada ya kutazama, haipati nafasi ya kujitunza. Basi sheria ya nyumba yenye OLED ni hii: zima kwa telekomandi, acha kamba nusu saa, kisha chomoa ukitaka. Umeme ukikatika, chomoa mara moja, kwa sababu hatari kubwa ni pale unaporudi kwa nguvu. Ukisharudi na kutulia dakika kumi, chomeka tena. Na wakati wa mvua, kuanzia Novemba mpaka mwezi wa nne, radi ikianza kupiga, chomoa televizio, dekodere na kamba ya antena, usingoje chochote.

Stabilizatere nzuri si ya anasa hapa. Iweke kwenye hesabu ya televizio yenyewe. Fundi wa kartye anaweza kukubadilishia kondensateri ya LCD kwa bei ndogo. Kioo cha OLED kikifa, kukibadilisha kunakaribia bei ya televizio mpya.

Kwa wanaotumia betri na paneli za jua, tufanye hesabu ndogo. OLED ya inchi 55 inakula karibu wati 100, zaidi kidogo picha ikiwa nyeupe, pungufu ikiwa ya giza. PlayStation 5 ikichezwa inakula karibu wati 200. Jumla ni 300. Betri ya volti 12 na ampere-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini betri ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo una 600. Gawanya kwa 300: saa mbili, na kwa kile kinachopotea njiani ni chini ya hapo. Kijana akimaliza mchezo wake, taa ya kusomea ya mdogo wake imezimika. Jambo hilo lipangwe mbele ya kununua.

Ukubwa, chumba na jua

Televizio za OLED zinaanza inchi 42, kisha 48, 55, 65 na kuendelea. Inchi moja ni sentimeta 2.54, na inapimwa kutoka pembe hadi pembe. Ya inchi 55 ina sentimeta 140 kwa mshazari na karibu sentimeta 122 kwa upana. Chukua mita ya fundi nguo, pima ukuta wako na kabati lako nyumbani, andika, ndipo uende dukani. Dukani kila kitu kinaonekana kidogo kwa sababu jengo ni kubwa.

Umbali mzuri wa kukaa ni karibu mara moja na nusu ya urefu wa mshazari, au zaidi kidogo. Kwa inchi 42 ni kama mita 1.7, kwa inchi 55 ni kama mita 2.2. Saluni ya mita tatu kwa tatu yenye viti pande zote haihitaji inchi 65. Inchi 48 inatosha, na pesa inabaki.

Jua nalo litazamwe. OLED inang'aa vizuri usiku na katika chumba chenye mapazia. Katika saluni yenye mlango wazi mchana kutwa na dirisha mbele ya kioo, LCD yenye taa kali inaweza kuonyesha vizuri kuliko OLED ya bei ya chini. Jiulize: nyumbani kwetu tunatazama saa ngapi? Kama ni mchana zaidi, sehemu kubwa ya uzuri uliolipia haitaonekana.

Usiiweke juu ya braziere wala karibu na friji inayotoa joto nyuma yake, kwa sababu joto linaharakisha uchovu wa nukta. Na vumbi letu jekundu la kiangazi lifutwe kwa kitambaa laini kikavu. Msitumie sabuni, alkoholi wala karatasi ngumu, vinaondoa tabaka linalozuia mwanga kurudi machoni.

Siku ya kununua

Kwa ile mpya: iwashwe mbele yako, dukani, muda wa nusu saa. Weka chaneli, kisha weka picha kutoka kwenye funguo ya USB uliyokuja nayo: picha moja ya kijivu tupu, moja nyekundu tupu, moja nyeupe tupu. Mtoto yeyote wa sekondari anajua kuzitengeneza kwenye simu. Tafuta nukta iliyokufa, mstari, au doa. Jaribu kila tundu la HDMI. Omba fakture yenye jina la duka, namba ya modeli na namba ya seri, na muda wa garanti kwa maandishi. Uliza garanti inafanyiwa kazi wapi. Televizio iliyoingia kupitia Dubai au iliyopita Kasumbalesa kutoka Afrika Kusini inaweza kuwa na garanti ya kule, isiyokufuata mpaka hapa. Garanti ya mdomo ni salamu tu.

Kwa okazio, yaani iliyotumika, kuwa mkali mara mbili. LCD iliyotumika miaka mitano inaweza kuwa nzuri bado. OLED iliyotumika inaweza kuwa na kovu ambalo huwezi kuliona kwenye filamu yenye rangi nyingi. Ile picha ya kijivu na ile nyekundu ndizo zitakusemea: ukiona kivuli cha maandishi au cha kibao pembeni, acha. Mwambie muuzaji aonyeshe pia saa ambazo televizio imefanya kazi, aina nyingi zinaandika hesabu hiyo kwenye mipangilio.

Kubeba: kioo cha OLED ni chembamba mno. Kisimamishwe wima ndani ya carton yake, kisilazwe chali, na watu wawili wakibebe kwa pembe za chini bila kubonyeza kioo kwa vidole. Msikiweke juu ya pikipiki. Lipa taksi.

Hesabu ya mama

Sasa turudi kwa zamu ya likelemba. Bei zinabadilika kila mwezi na kila duka, lakini mara nyingi OLED inauzwa mara mbili au zaidi ya LCD nzuri ya ukubwa ule ule. Kwa mfano wa hesabu tu, tuseme LCD ni dola 500 na OLED ni dola 1,200. Tofauti ni dola 700. Ongeza stabilizatere, ongeza usafiri, ongeza michezo ambayo kijana ataomba baadaye, kwa sababu mashine bila michezo ni sanduku.

Gawanya ile 700 kwa minervali ya muhula mmoja wa mtoto wako wa sekondari. Andika jibu kwenye karatasi, uliweke mezani mbele ya baba na mbele ya kijana, bila kelele. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu mwaka 2019, lakini sekondari bado inalipwa, na mimi kama mwalimu ninajua majina ya wale wanaorudishwa nyumbani katikati ya mwezi. Mara nyingi ni msichana, na mara nyingi nyumbani kwao kuna kioo kikubwa. Sisemi hili ili kumtukana mama yeyote. Ninasema kwa sababu pesa ya likelemba ni jasho la wanawake kumi au ishirini waliokuamini, na wenzako wana haki ya kuona imefanya kazi.

Kwa hiyo jibu langu kwa mama aliyeuliza ni hili. Kama watoto wote wamelipiwa mwaka mzima, kama kuna akiba ya ugonjwa, kama umeme wa kwako una stabilizatere, kama jamaa inatazama hasa usiku na inatazama vitu mbalimbali, na kama bei umeipata kwenye duka linalotoa fakture na garanti ya hapa, basi nunua OLED ya inchi 48 au 55 na uifurahie, hukufanya kosa. Furaha ya jamaa kukaa pamoja nayo ina thamani yake.

Kama hata moja kati ya hayo halipo, nunua LCD ya 4K ya inchi 43 au 50, yenye Mode jeu, ya kampuni inayojulikana. PlayStation 5 itacheza vizuri juu yake. Na kama televizio ya sasa bado inawaka na ina HDMI, kijana anaweza kungoja. Bei ya OLED imeshuka tangu zilipotoka, na anayengoja hapotezi kitu.

Sheria za nyumba, kioo chochote kile

Kwanza, mashine ya michezo ikae saluni, isiende chumbani. Mama apite na aone.

Pili, masomo na kazi za nyumbani mbele ya manete. Siku za shule saa moja, Jumamosi mbili, na saa ya ukutani ndiyo inayohukumu, si mdomo wa mtoto.

Tatu, watoto wa miaka 2 mpaka 4 wasipite saa moja ya kioo kwa siku, na wa chini ya mwaka mmoja wasiwekwe kabisa mbele yake. Hivyo ndivyo Shirika la Afya Ulimwenguni lilivyoshauri mwaka 2019.

Nne, angalia namba kwenye kifuniko cha mchezo: 3, 7, 12, 16 au 18. Ni umri. Mchezo wa 18 haumfai mtoto wa miaka 10, hata kama rafiki yake anao.

Tano, anayezima, azime kwa telekomandi.

Wamama wenye maswali mengine juu ya vifaa vya nyumbani, mkabidhi karatasi zenu kwa katibu wa kikundi siku ya mkutano. Juma lijalo tutaongea juu ya friji: kwa nini inakula umeme mwingi hata ikiwa tupu, na namna ya kutunza samaki umeme ukikatika siku nzima.

Mubaki na amani.

Mwalimu wenu